Stika za gizani zinafifia kabla ya alfajiri. Tatizo ni nini?

SWALI: Nina nyumba ya wageni hapa Mafinga. Nimebandika stika zinazong'aa gizani kwenye ngazi, umeme ukikatika wageni waone pa kukanyaga. Saa nne usiku nikizima taa zinawaka vizuri, lakini saa nane hazionekani, na Juni hii ndiyo zimezidi. Muuzaji anasema nimezibandika vibaya. Halafu mbona alama za kwenye noti, zile za taa ya zambarau, huzimika papo hapo taa ikiondolewa?

JIBU: Ubandikaji wako hauna shida. Kwenye noti, elektroni za wino hupokea mionzi ya urujuanimno (ile ya taa ya zambarau), hupanda ngazi ya juu ya nishati, kisha hushuka kufumba na kufumbua zikitoa mwanga. Taa ikiondoka, hakuna akiba.

Stika ina akiba. Baadhi ya elektroni zake hunaswa kwenye kasoro za fuwele, yaani chembe za unga wake unaong'aa, na kinachozinasua ni joto la kawaida la mahali zilipo. Ndiyo maana baridi ya Juni huko kwenu inapunguza mwanga: elektroni zinatoka polepole. Jaribu mwenyewe. Mulika stika mbili kwa taa moja, weka moja kwenye friza, nyingine ibandike kwenye chupa ya maji ya moto, kisha zima taa. Ya moto itawaka sana na kuisha mapema. Ya friza itafifia, lakini ukiipasha joto baadaye itang'aa tena bila kumulikwa. Mimi sijui jaribio rahisi linaloonyesha jambo hili vizuri zaidi.

Ila baridi peke yake haizimi stika saa nane. Nashuku zako ni za salfaidi ya zinki yenye shaba, aina ya zamani na ya bei nafuu, ambayo akiba yake ni ndogo. Tafuta za alumineti ya strontiamu yenye europiamu na disprosiamu, zilizobuniwa Japani miaka ya 1990. Nazo hufifia, lakini jicho lililozoea giza huziona hadi asubuhi.

Angalia pia taa ya ngazini. Kinachojaza stika ni mwanga wa buluu na urujuanimno, hivyo balbu ya manjano haisaidii sana. Weka LED nyeupe, iwake mpaka wageni walale. Na ngazi ya nje inayonyeshewa mvua ibandike stika zilizofunikwa plastiki vizuri, maana unga wa alumineti ukiloa huharibika.