Kwa nini anayeandika kuhusu ndagala anaandika pia kuhusu mapadri

Ndugu uliyeuliza inakuwaje mtu mmoja aandikie Wikipedia ya Kiswahili, ndani ya juma moja, makala za volkeno ya Nyiragongo, za ndagala, yaani dagaa wa ziwani, na za wamisionari Wakatoliki, nakujibu kwa yale yaliyonipata mimi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa kuwa kazi hiyo ya kujitolea naifanya tangu nikiwa mwanafunzi.

Sikuanza na Kanisa. Nilianza na ziwa. Nilikuwa naandika kuhusu ufuko wa magharibi wa Tanganyika, nikafika Mpala, kituo kilichoanzishwa mwaka 1883 na ofisa Mbelgiji Émile Storms na kukabidhiwa Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, mwaka 1885. Tangu hapo niliona kwamba historia ya ufuko ule haielezeki bila mapadri, wala ya mapadri haielezeki bila biashara ya watumwa, ambayo ndiyo iliyomleta Léopold Louis Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, awalinde watu waliokimbilia misioni. Joubert hakurudi kwao: alioa huko, akazaa, akafariki mwaka 1927.

Hapo nilikosea. Nilipokuwa natayarisha makala ya wafiadini wanne waliouawa katika miji ya Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, nilikuta tena jina la Joubert, nikaliunganisha na makala ya yule askari. Kwa miezi kadhaa msomaji aliyebonyeza jina la padri alipelekwa kwa mtu aliyefariki miaka 37 kabla ya mauaji hayo. Mzee mmoja wa Uvira ndiye aliyeniandikia kwenye ukurasa wa majadiliano: «Mwanangu, huyo ni baba. Aliyeuawa Fizi ni mtoto wake, padri Albert.» Nilisahihisha usiku uleule, kabla umeme haujakatika. Wenzake Albert, yaani Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin walikuwa Waitalia wa shirika la Wasaveri, na wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Albert mara nyingi hutajwa wa mwisho. Mimi nimemtanguliza, maana ni mtoto wa Ziwa Tanganyika.

Majina ya miji nayo yanadai uangalifu. Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo, alipadirishwa mwaka 1917 huko Baudouinville, ambayo leo msomaji ataitafuta kwa jina la Moba. Kadi ya ubatizo ya marehemu nyanya yangu, iliyoliwa na mende pembeni, imeandikwa Costermansville kwa wino wa buluu, na wajukuu wake wengi hawajui kwamba ndiyo Bukavu yetu.

Makala iliyonichukua siku nyingi kuliko zote ni ya Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa. Sisi tulimpenda, na kila sentensi niliyoiandika ilikuwa ya sifa, jambo ambalo kamusi elezo hairuhusu. Nikafuta sifa moja baada ya nyingine, yakabaki haya: alikuwa Myesuita, aliliongoza jimbo kuu wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika mwaka 1994, aliwatetea hadharani, na aliuawa hapa mjini, Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996. Nilipoisoma aya hiyo kwa sauti, mama yangu alikuja kuketi karibu nami, akaniomba niirudie.