Maswali yenu: Bomba likifika Chongoleani, Tanga ya viwanda itarudi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi kijana wa Ngamiani, mzee wangu alikuwa kiwanda cha mbolea mpaka kikafungwa, na tukikaa barazani hana stori nyingine ni Tanga ya zamani tu, king'ora asubuhi, baiskeli barabara nzima, watu wanatoka mpaka Kigoma kuja kukata mkonge. Sasa hivi mtaani ni bomba la mafuta tu, wanasema Tanga inarudi ilipokuwa. Nina vihela nimeweka, washkaji wananiambia nichukue kiwanja Chongoleani, pale bomba linapoishia, kabla bei haijapaa. Je kweli tutakuwa tena mji wa viwanda? Na kiwanja nichukue?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kiwanja tutakifikia, kwanza muulize mzee wako kitu kimoja, ile mbolea walikuwa wanaitengeneza kwa malighafi ya wapi? Atakwambia nyingi ilikuja na meli. Hapo ndipo ilipokuwa shida, maana kiwanda kilijengwa miaka ya 1970 mwanzoni, nchi ikaja ikaishiwa fedha za kigeni, hasa baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, sasa kama huna dola huna malighafi, huna spea, mashine inasimama wiki, inasimama mwezi, mishahara inalipwa lakini mzigo hautoki. Kufika miaka ya 1990 mwanzoni mbolea ikafa, na viwanda vingine vya serikali vilivyokuwa vinajikongoja vikakutana na soko huria, bidhaa za nje zikamwagika kwa bei ambayo huwezi kushindana nayo.

Halafu angalia vilivyobaki. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kinazalisha tangu 1980, mawe ya chokaa yapo pale pale. Tanga Fresh ilianza miaka ya 1990, wakati wenzake wanafunga, kwa sababu maziwa yanatoka kwa wafugaji wadogo wa huku huku kupitia vyama vyao vya ushirika. Kwa hiyo mimi nikisikia Tanga inafufuka huwa nauliza maswali mawili tu: malighafi inatoka wapi, na mzigo unatokaje.

Sasa tulipime bomba kwa maswali hayo. Ni kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, jiwe la msingi liliwekwa 2017, na mafuta yenyewe yana nta yanaganda, ndio maana bomba lote linapashwa moto njia nzima. Yakifika kwetu yanaingia kwenye matenki, yanapakiwa melini, yanaondoka ghafi vile vile. Hakuna kinachosafishwa wala kutengenezwa hapa. Kazi nyingi ni za wakati wa ujenzi, kuchimba, kuchomelea, kuendesha malori, kupika, kulinda. Likishaanza kusukuma wanabaki mafundi wachache na walinzi. Sisemi halina faida, kodi na tozo zipo, ila anayekwambia bomba litarudisha shifti tatu za mzee wako anakuuzia maneno (na mara nyingi anauza na viwanja).

Mimi macho yangu yapo bandarini. Bandari ya Tanga ni ya zamani sana, reli ilianza kujengwa pale 1893, lakini tatizo lake miaka yote lilikuwa kina. Meli kubwa inatia nanga huko mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari (vyombo bapa vya kubeba mizigo), tishari linavutwa mpaka gatini, halafu mzigo unanyanyuliwa tena, yani unalipia kazi moja mara mbili na siku zinaenda. Nani alete kontena lake hapo wakati Mombasa na Dar zipo? Wafanyabiashara wa Moshi na Arusha walitukimbia wakati sisi ndio bandari yao ya karibu kabisa ndani ya nchi. Sasa serikali imeweka zaidi ya shilingi bilioni 429, lango la kuingilia meli limechimbwa, gati lina mita 450 na kina cha mita 13, meli inafunga yenyewe. Na treni ya Moshi ilirudi kutembea 2019. Hivyo vitu viwili havina kelele kama za bomba lakini kiwanda kikitaka kuja Tanga kitauliza hivyo.

Kiwanja: usinunue kwa sababu ya bomba. Ukinunua nunua pa kuishi, na uende kwanza ofisi ya ardhi uhakikishe hakipo kwenye eneo lililotwaliwa ambalo fidia yake ilishalipwa. Hela za haraka pale walishazila waliotangulia.

SWALI: Mhariri, wazee wa huku wanasema Azimio la Arusha ndio liliua mkonge. Kweli?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Nusu kweli. Kilele cha uzalishaji kilikuwa 1964, tani kama 230,000, tulikuwa wa kwanza duniani. Bei ikaanza kuporomoka hapo hapo kwa sababu ya kamba za nailoni na nyuzi nyingine za namna hiyo, kwa hiyo Azimio la 1967, lililofanya mashamba mengi kuwa ya serikali, lilimkuta mgonjwa kitandani. Ila dawa alizopewa nazo mmh. Mkonge unachukua kama miaka mitatu ndio uanze kukata, sasa usipopanda mwaka huu hakuna anayeona, korona (mashine ya kusaga majani ya mkonge) inaendelea kusaga, meneja anapeleka ripoti nzuri, pengo linakuja kuonekana yeye ameshahamishwa. Mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani 20,000 hivi.

Siku hizi wakulima wadogo wamerudi kupanda na mashamba mengine yamefufuliwa. Kinachonisumbua ni kwamba singa, yaani nyuzi zenyewe, ni asilimia chache tu ya jani, lililobaki linamwagwa, na pale Hale walishaonyesha kwamba takataka hiyo inatoa gesi na umeme. Mashamba mengine yote yanangoja nini?