Jibu kwa aliyeuliza kuhusu mpwa wake: kwa nini senta wa kike huchelewa kukomaa vyuoni Marekani, na cha kumuuliza kocha kabla ya kukubali nafasi

Kaka, umeuliza jambo ambalo wazazi na walezi wengi wa kwetu hawaliulizi mpaka binti ameshapanda ndege. Umesema mpwa wako ana miaka 17 na urefu wa mita 1.93, kwamba alianza na netiboli shuleni kabla ya kuhamia mpira wa kikapu, na kwamba vyuo viwili vya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo Marekani, vimempa ufadhili wa masomo. Umesikia kwamba masenta wa mwaka wa kwanza hukaa benchi, na unataka kujua kama ni kweli, kama ni haki, na achague chuo kipi. Nilifanya kazi miaka kadhaa huko Marekani nikiwa msaidizi wa kocha katika timu ya wanawake ya chuo kimoja cha ukubwa wa wastani, na jukumu langu lilikuwa kuwafundisha wachezaji wa ndani, yaani masenta na mafowadi wakubwa, wale warefu wanaocheza karibu na kikapu. Nitakujibu kwa niliyoyaona katika kazi hiyo, pamoja na mifano ya wachezaji wanaojulikana.

Ni kweli kwamba wengi husubiri, na sababu kubwa ni kwamba kazi ya senta hufanyika kabla mpira haujamfikia. Gadi, yaani mchezaji wa nje anayeuongoza mpira, akiwa na kipaji huonekana siku ya kwanza ya mazoezi kwa kuwa mpira anao mkononi. Senta lazima kwanza akimbie kutoka kikapu kimoja hadi kingine kumzidi mlinzi wake, achague upande, amfungie mlinzi mgongoni kwa nyonga na mapaja, aoneshe mkono wa kupokelea, na yote hayo yawe tayari katika ule muda mfupi ambao gadi ameinua kichwa kutafuta wa kumpasia. Akichelewa kidogo, pasi haiji. Akiganda kwa zaidi ya sekunde 3 katika eneo lililochorwa mbele ya kikapu, mwamuzi anapuliza filimbi. Katika mashindano ya shule hakuhitaji lolote kati ya hayo, kwa sababu msichana wa mita 1.93 anadaka mpira juu ya vichwa vya wenzake na kuurudisha kikapuni bila kujali miguu yake iko wapi. Chuoni atakutana na wenye urefu kama wake, wenye miaka 21 au 22, ambao wameshajifunza kumsukuma nje ya eneo lake bila mwamuzi kuona.

Nilipokuwa nikitazama video na masenta wangu, nilikuwa nasimamisha picha pale gadi wetu anapovuka mstari wa kati, kabla ya jambo lolote la kuvutia kutokea, na kumwuliza binti aoneshe kidole alipo. Mara nyingi wa mwaka wa kwanza alikuwa bado nyuma ya mpira, akitembea, akiwa ametosheka kwamba ametoka kuchukua ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia kikapuni, upande wa pili. Mwenzake wa mwaka wa tatu alikuwa ameshafika mbele ya kikapu na mlinzi yuko nyuma yake. Pointi zilizopatikana sekunde mbili baadaye zilikuwa zimeamuliwa pale pale kwenye picha iliyosimama. Ukitaka kujua kama senta anakua, usianze na jedwali la pointi. Tazama hatua zake tatu za kwanza baada ya timu yake kupata mpira.

Jambo la pili ni mikono, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililowatesa wengi niliowafundisha. Nilikuwa na binti mmoja kutoka Afrika Magharibi, mwenye mikono mizuri ya kudaka, ambaye kila alipopokea mpira juu ya kichwa aliushusha hadi kiunoni ili apate nguvu ya kuruka. Kila aliposhusha, gadi mfupi wa timu pinzani alitokea ubavuni na kuupiga mpira ukaanguka. Hakuwa mzembe, nyumbani hapakuwa na mtu wa kumfikia, kwa hiyo mwili wake ulijifunza hivyo. Tulimsimamisha hatua moja kutoka kikapuni, nikampasia mpira juu, na kazi yake ikawa kuudaka, kuuleta chini ya kidevu huku viwiko vikiwa wazi pande zote mbili, kugeuka na kumaliza bila mpira kushuka chini ya mabega, wakati msaidizi mwenzangu akimsukuma nyonga kwa mto mnene wa mazoezi. Tulirudia kwa mkono wa kulia na wa kushoto, kila siku ya mazoezi, tangu vuli hadi baridi ilipokolea. Kilichobadilika kwanza ni viwiko: nilianza kuona gadi pinzani wakisogea, kisha wakiacha, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kunyang'anya. Pointi zilifuata baadaye sana, na makocha wasio na subira wangekuwa wamekwisha kumkatia tamaa.

Hapa netiboli ya mpwa wako ni mtaji mkubwa, na ningependa uwaambie makocha wake waithamini. Msichana aliyecheza netiboli tangu shule ya msingi amezoea kudaka mpira wa juu akiwa hewani, kutua kwa mguu mmoja na kusimama bila kuteleza, kisha kugeuka juu ya mguu huo huo kwa sababu kanuni hazimruhusu kudunda wala kutembea. Huo ndio msingi wenyewe wa kazi ya miguu ya senta. Ambacho netiboli haikumpa ni mguso, kwa kuwa humo kugusana ni kosa, na atakapofika Marekani ataona kwamba kila mpira wa ndani unapokelewa huku mtu amemwegemea. Timu nyingi za wanawake huko hufanya mazoezi dhidi ya wanafunzi wa kiume wanaojitolea, na senta kijana hupangiwa kijana mwenye kilo nyingi kuliko zake. Wiki za mwanzo huumiza mwili na moyo, na wengi hupiga simu nyumbani wakilia. Mkiwa mnajua mapema kwamba hiyo ni sehemu ya mafunzo, mtamjibu vizuri.

Nguvu za mwili zisiharakishwe. Wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kukata kona huumia kano za goti zaidi ya wavulana, na senta mrefu ambaye misuli yake ya mapaja haijashika yuko hatarini zaidi anapotua katikati ya miguu ya watu. Kocha wa viungo mwenye akili huanza na namna ya kutua na kusimama kabla ya kumpakia vyuma. Ayoka Lee, aliyekuwa senta wa chuo cha Kansas State, aliukosa msimu wake wa kwanza wote akiuguza goti, na tarehe 23 Januari 2022 alifunga pointi 61 dhidi ya Oklahoma, rekodi ya mchezo mmoja kwa wanawake wa Divisheni ya Kwanza. Katika pointi hizo hakuna hata mtupo mmoja wa pointi tatu. Nalitaja hilo kwa sababu mabinti wa leo hufika chuoni wakitaka kutupa kutoka mbali, na mimi sikuwakataza, lakini niliwataka kwanza wamalize chini ya kikapu kwa mikono yote miwili.

Kinachowarudisha benchi mara kwa mara ni faulo. Mchezo wa chuo kwa wanawake una robo 4 za dakika 10, na mchezaji hutolewa kwa faulo ya 5. Senta mchanga anayejaribu kuzuia kila mtupo hupata faulo 2 kabla ya mapumziko, na kocha mkuu hana budi kumketisha. Kanuni zinampa mlinzi haki ya kuruka wima katika nafasi yake akiwa ameinua mikono, na binti mrefu akijifunza kuamini urefu wake bila kupiga mkono chini, dakika zake zinaongezeka hata kabla hajaongeza pointi. Brittney Griner alizuia mitupo 748 alipokuwa chuo cha Baylor, na watu walimtazama wakadhani ni urefu peke yake. Mimi naona zaidi kwamba alijua ni mitupo ipi ya kuiacha.

Wapo wasiosubiri, nami sitakuficha. Aliyah Boston, aliyetoka Visiwa vya Virgin vya Marekani, alicheza mchezo wake wa kwanza South Carolina mwaka 2019 akapata tarakimu mbili katika pointi, ribaundi na mitupo iliyozuiwa. Lakini alikuwa amefundishwa Marekani tangu utotoni mwa ujana wake. Mfano unaomfaa zaidi mpwa wako ni Kamilla Cardoso wa Brazil, mwenye mita 2.01. Alianza Syracuse, akahamia South Carolina, na huko alikaa misimu miwili nyuma ya Boston huyo huyo, akiingia kutoka benchi na kupambana naye mazoezini. Boston alipoondoka, Cardoso akaanza, na mwaka 2024 timu ilimaliza msimu na ushindi 38 bila kushindwa. Katika fainali dhidi ya Iowa alipata pointi 15 na ribaundi 17, akatangazwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho. Benchi ile ilikuwa darasa, kwa sababu kila siku alikuwa na mtu bora kuliko yeye wa kupambana naye.

Ndiyo maana, ukiniuliza kati ya chuo kinachomwahidi kuanza mara moja kwa kuwa hakina senta, na chuo chenye senta wa mwaka wa nne anayekaribia kuondoka, mimi ningempeleka kwenye hicho cha pili. Ahadi ya kuanza mara moja mara nyingi ina maana kwamba atajifunza mbele ya watu, akifanya makosa katika mechi za ushindani bila mtu mazoezini wa kumwonesha njia.

Hata hivyo kusubiri na kutelekezwa ni mambo mawili, na tofauti yake iko kwa kocha anayewashughulikia wachezaji wa ndani. Tazama Chuo Kikuu cha Iowa. Jan Jensen, ambaye alipokuwa mchezaji wa Drake aliongoza Divisheni ya Kwanza kwa kufunga, aliwafundisha wachezaji wa ndani wa Iowa kwa miaka mingi kabla ya kuwa kocha mkuu mwaka 2024. Mikononi mwake Megan Gustafson, binti wa kijiji kidogo cha Wisconsin ambaye urefu wake hauzidi wa mpwa wako, aliongoza nchi kwa wastani wa pointi 27.8 msimu wa 2018-19. Nyuma yake msimu huo alikuwapo Monika Czinano, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyecheza kidogo sana, ambaye miaka miwili baadaye aliongoza nchi kwa asilimia ya mitupo iliyoingia. Masenta wawili mfululizo kutoka mikono ile ile ni ushahidi kwamba pale palikuwa na mafunzo.

Kwa hiyo mtakapozungumza na makocha kwa video, usiulize kwanza kuhusu viatu na safari. Uliza ni nani hasa atakayemfundisha, amekuwa hapo muda gani, na senta wa mwisho aliyemlea alikuwa wapi mwaka wa kwanza na wapi mwaka wa tatu. Omba majina, kisha utafute mechi zao uone mwenyewe. Uliza pia muda wa mazoezi ya mtu mmoja mmoja unapangwaje, kwa kuwa kanuni za vyuo zinaweka ukomo wa saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na senta asiyetengewa sehemu ya saa hizo atakuwa mtu wa kuweka skrini tu, yaani kusimama na kumzuia mlinzi ili mwenzake apite. Halafu tazama mechi mbili tatu za timu hiyo za msimu uliopita ukiwaangalia gadi. Kama senta anafungia mlinzi mgongoni, anainua mkono, na gadi anageuka kutupa kutoka mbali bila kumtazama, hiyo ni tabia ya timu, na mpwa wako hatakuja kuibadilisha. Mchezo wa chuo kwa wanawake unaipa timu sekunde 30 za kushambulia, kwa hiyo muda wa kuuingiza mpira ndani upo, ukitakiwa.

Kuhusu kuhama, siku hizi kanuni zinaruhusu kwa urahisi kuliko zamani, na si usaliti. Lauren Betts aliingia Stanford mwaka 2022 akiwa anatajwa kuwa mchezaji wa kwanza kati ya wahitimu wote wa sekondari nchini, akacheza dakika kama 10 kwa mchezo, akahamia UCLA, na mwaka 2025 aliifikisha timu hiyo katika nusu fainali ya taifa. Katikati ya safari hiyo alipumzika kwa muda ili kushughulikia afya ya akili, na amelisema hilo hadharani. Mpwa wako naye atakuwa mbali na nyumbani, katika baridi, akiwa mrefu kuliko kila mtu darasani, akisoma kwa Kiingereza cha kasi. Msimpigie simu kuuliza amefunga pointi ngapi. Mwulizeni amejifunza nini wiki hii. Kama mwaka mzima umepita na hana jibu, wala kocha wake hana, hapo ndipo pa kuzungumzia kuhama.

Kwa miezi hii iliyobaki kabla ya kuondoka Agosti, aruke kamba, amalize kwa mkono wa kushoto kila siku, na atupe mitupo huru akiwa amechoka, mwishoni mwa mazoezi na si mwanzoni. Eneo la ndani la viwanja vya vyuo vya Marekani lina upana wa mita 3.66 tu, wakati hilo la kimataifa analolizoea lina mita 4.9, hivyo pembeni mwa eneo hilo atakuwa karibu na kikapu kuliko anavyodhani. Mchorelee mistari hiyo kwa chaki kwenye uwanja wa shule, azoee kupokelea hapo.