Unajua do-re-mi, umenunua kinanda: usiguse transpozi

Mkuu, umesema wewe ni besi wa kwaya, nota za do-re-mi unazisoma, umenunua kinanda cha vibao 61 na hujui uanzie wapi. Nami nilianzia hapo hapo, nikapoteza miaka kwa ajili ya kitufe kimoja: transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti zote za kinanda.

Kila wimbo niliupiga kwenye C. Karatasi ikisema Do ni G, nabonyeza transpozi, vidole vinabaki palepale. Nikajiona fundi. Siku moja nikaalikwa parokia ya jirani, nakuta piano ya nyuzi, haina hata waya wa umeme. Wimbo wa kwanza, Do ni E-flati, yaani E iliyoshushwa nusu hatua (kibao kimoja). Nikaupiga C. Besi wenzako walifika chini wakabaki wanapumua tu.

Basi transpozi iache sifuri. Anza na ngazi ya C, yaani do hadi do ukianzia C, polepole. Gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, mikono yote. Kulia piga 1-2-3, gumba lipite chini ya kidole cha kati lichukue F, umalizie 2-3-4-5. Kushoto panda kwa 5-4-3-2-1, kisha cha 3 kivuke juu ya gumba kwenda A, umalizie 2-1. Kiwiko kisichomoke nje gumba linapopita. Mimi kilinisumbua sana. Ngazi za G na D zinafuata vidole hivyo hivyo. F ndiyo inayobadilika mkono wa kulia: 1-2-3-4, halafu 1-2-3-4, maana gumba halitakiwi kuangukia B-flati.

Nota za mistari zisikutishe. Do yako huhama, mistari haihami. Shika alama tatu tu: nukta mbili za ufunguo wa besi zinaubana mstari wa F, mkunjo wa ufunguo wa juu unauzunguka mstari wa G, na C ya kati inakaa kwenye kijistari katikati ya hizo stafu mbili (makundi ya mistari mitano). Nyingine hesabu kutoka hapo.

Na hii ndiyo raha ya mtu wa do-re-mi: zikiwekwa shapu (alama za kupandisha nota) mwanzoni mwa stafu, ya mwisho kulia ndiyo ti, panda nusu hatua umeipata Do. Zikiwa flati, ya mwisho ndiyo fa. Ule wimbo ulioniaibisha una flati tatu, B, E, A. Fa ni A-flati. Shuka mwenyewe uhesabu.