Jibu: Mionzi ya jua kwenye faili la Dar es Salaam

Ndugu, umeuliza kwa nini madirisha ya magharibi hayapokei jua jioni kwenye modeli yako ya EnergyPlus (programu ya kuiga matumizi ya nishati ya jengo), baada ya kubandika jedwali la PVGIS (huduma ya mtandaoni ya data za mionzi ya jua) ndani ya faili la EPW, yaani faili la hali ya hewa ambalo EnergyPlus husoma. Tatizo ni saa. PVGIS hutoa data kwa UTC (saa ya kimataifa), nasi tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele. Chora mionzi ya siku moja: kama jua linaanza saa tisa usiku na kuzimika saa tisa alasiri, ndiyo hiyo. Sogeza safu zote mbele saa tatu, halijoto na unyevu pia, na thamani tatu za mwisho za kila safu uzirudishe mwanzoni. Usikadirie kwa macho: Dar jua hufika juu kabisa kama saa sita na dakika ishirini mchana, basi kilele cha mionzi kiwe karibu na hapo.

Jambo la pili, EnergyPlus haisomi mionzi ya jumla (yote inayofika juu ya uso wa mlalo). Inatumia ya moja kwa moja (inayotoka kwenye jua lenyewe) na ile iliyotawanyika (inayotoka angani kote), basi hizo ndizo za kuhakiki. Ya moja kwa moja mara kosaini ya pembe ya jua kutoka wima, ukijumlisha iliyotawanyika, ikaribiane na ya jumla. Karibu na machweo tofauti ni kawaida.