Kabla ununue wale kasuku wadogo wa kijani, soma hii kwanza

Kila nikiweka picha ya hawa kasuku wadogo, wale wanaitwa lovebird, kwa status lazima watu watatu wanne waniulize wanauzwa wapi na ni pesa ngapi. Najua hiyo hamu vizuri sana kwa sababu mimi mwenyewe nilinunua, na ndio maana naandika hii, ili mwenye anafikiria kununua ajue anachukua nini na kimetoka wapi.

Nilikuwa nimepata kazi ya kwanza, nimehamia bedsita Umoja hapa Nairobi, na jioni moja tuko kwa jamu jamaa akapita katikati ya magari na keji ndogo ya waya. Ndani wawili. Mgongo kijani, uso rangi ya chungwa, mdomo mwekundu unang'aa, na ile duara nyeupe kuzunguka jicho kama wamevaa miwani. Akasema elfu tatu, tukabishana hadi elfu mbili na mia mbili, nikamuuliza wanakula nini akaniambia wape mtama na maji, hawa hawana shida.

Mmoja alikufa siku ya tatu. Alikuwa amekaa chini kabisa kwa kona ya keji, amejifutua manyoya, na mimi nikadhani ni baridi nikafunika keji na leso. Sasa najua ndege akishuka chini hivyo ashafika mbali, maana ndege mdogo huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, na wakati huo ni daktari wa wanyama tu angeweza kunisaidia na mimi hata sikufikiria kumtafuta. Nilipomtoa ndio nikaona manyoya ya bawa yamekatwa na makasi, upande mmoja wote.

Huyo mwenzake aliishi miezi minane. Kila jioni saa kumi na moja alikuwa anaita, sauti nyembamba kali, anaita halafu ananyamaza kama anasikiliza, anaita tena, hadi giza. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa ananiambia huyo ndege wako anaimba vizuri. Mimi nilianza kuchelewa kurudi nyumbani makusudi ili nisimsikie.

Mwaka uliofuata, Agosti, nikaenda kumwona shangazi yangu, dada ya baba, ameolewa Magu huko Tanzania. Unapanda basi la Mwanza, Narok, Kisii, Migori, mnavuka Isebania mnaingia Sirari, halafu ni Tarime, Bunda, Lamadi, na pale kati barabara inapita kando kabisa ya Serengeti. Asubuhi ya kwanza niko nje napiga mswaki nikasikia ile sauti. Ile ile. Nikageuka nikaona kundi, kama thelathini hivi, limepita juu ya nyumba kwa kasi moja kwa moja kama mshale, wote wanapiga kelele pamoja, wakatua kwa mti mkavu nyuma ya zizi. Nikabaki na mswaki mdomoni.

"Shikamoo shangazi, hao ndege ni wa nani?"

"Marahaba mwanangu. Wa nani tena? Hao wezi wa mtama wangu! Ndio kwao hapa, tumewakuta na tutawaacha."

Nikakaa wiki mbili na karibu kila asubuhi nilikuwa chini ya huo mti, na nilichojifunza hapo hakuna muuzaji angeniambia. Kwa vitabu anaitwa Agapornis fischeri, jina la Fischer, msafiri Mjerumani wa karne ya 19, na kwao halisi ni sehemu ndogo tu ya dunia, kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini mashariki ya Ziwa Viktoria, pamoja na Serengeti. Ni nchi ya nyasi, migunga, mibuyu mahali mahali na mashamba ya watu. Ndege mwenyewe ni sentimita 14 hivi na uzito wa gramu 50 hivi, lakini mwendo wake kwa siku moja ni wa kushangaza. Chakula chake kikubwa ni mbegu na nyingi anaziokota chini, kwa hivyo asubuhi kundi linashuka kwa nyasi, halafu lazima waende maji, kila siku, hawa si ndege wa kuvumilia kiu. Jua likiwa kali wanajificha kivulini, jioni wanarudi kwa mashimo yao kulala. Hapo ndipo nilielewa saa kumi na moja ya yule wangu. Ndiyo saa kundi linaitana kurudi.

Kitu kingine ni hayo mashimo. Mdomo wao unavunja mbegu lakini hautoboi mti, kwa hivyo wanategemea shimo lililoko tayari, tawi lililooza au shimo alilotoboa kigong'ota akahama. Jike anabanua vipande virefu vya ganda la mti anavibeba mdomoni anaingia navyo ndani, anarudi tena, anarudi tena, halafu anataga mayai na kuyalalia wiki tatu na kidogo. Mti mkavu ambao wewe unaona ni kuni, kwake ni nyumba. Shangazi alikuwa amepanga ule mti ukatwe, na sijui nilimsumbua vipi lakini akauacha, akasema ataongeza mtoto wa kufukuza ndege shambani.

Sasa watu huniambia, lakini si wako wengi, hata Naivasha wamejaa. Ni kweli Naivasha wamejaa, nenda ufuo wa ziwa pale kwa migunga iliyokufa utawaona wakiingia na kutoka kwa mashimo, na hata hapa Nairobi utawapata kwa mitaa yenye miti mikubwa. Lakini hao ni kizazi cha ndege waliotoroka au kuachiliwa. Wengi wamechanganyika na jamaa yao mwenye kichwa cheusi na kola ya njano, ambaye pia kwao ni Tanzania, kwa hivyo utaona kichwa cha rangi ya kahawia isiyo huku wala kule. Na kule kwao kwenyewe walikamatwa vibaya, mwaka 1987 huyu ndiye alikuwa kasuku wa porini anayeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani, hadi Tanzania ikasimamisha kuwauza nje. Leo yuko kwa orodha ya wale wanaokaribia kuwa hatarini. Ukisikia "wako wengi", jiulize wengi wapi.

Kwa hivyo ushauri wangu. Usinunue barabarani, hata kama unamhurumia, na najua ukimwona kwa ile keji utamhurumia, lakini ile pesa yako ndio inamrudisha muuzaji porini kutafuta wengine. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kukaa na mnyama wa porini nyumbani bila kibali, na KWS, shirika la serikali la wanyamapori Kenya, ndio watu wa kuuliza, sio muuzaji. Kama tayari unaye, tafadhali usimfungulie dirisha ati umempa uhuru. Aliyekatwa bawa hafiki mbali, na akifika ataenda kuongeza mchanganyiko na kugombania mashimo na ndege wa hapa. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua ndege, mpe nafasi ya kuruka, mbegu za aina tofauti na mboga za majani, maji safi kila siku, na usimwache peke yake siku nzima. Huyo wangu nilimpa mtama mtupu miezi minane na bado inaniuma.

Na kama unachotaka ni kuwaona tu, hiyo ni rahisi. Tafuta darubini hata ya mtumba, ukienda Naivasha fika mapema kabla jua lipande, simama mbali na mti wenye mashimo na utulie. Kwa Nairobi kuna matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, mnakutana Makumbusho ya Taifa, mama Fleur Ng'weno ndiye aliyeyaanzisha miaka mingi iliyopita. Mimi nilienda mara ya kwanza sijui hata kushika darubini na hakuna mtu alinicheka, mzee mmoja alinisimamia nyuma akanielekeza kidole hadi nikamwona ndege.

Kwa ploti yetu ya sasa kuna mjakaranda uliokauka karibu na geti na landilodi alikuwa ameleta mtu wa pawa-so aukate. Tuliongea na keateka, tukakubaliana matawi yanayolalia paa yatolewe na shina libaki, na nikalipa nusu ya pesa ya kukata. Mwezi huu kigong'ota ameanza kutoboa upande wa juu, vumbi la mbao linaanguka kwa gari ya mtu wa ghorofa ya pili, na huyo mtu ameanza kuegesha pale kwingine.