Maswali ya Wasomaji: Hemerokalisi Yenye Majani Tele na Maua Haba

SWALI: Ndugu Mhariri, miaka kadhaa iliyopita nilipanda kando ya ukuta hemerokalisi, mmea ule unaofanana na yungiyungi ambao kila ua lake huchanua kwa siku moja tu. Mwanzoni ulichanua vizuri, lakini sasa kichaka kimenenepa, majani yamesitawi, na vikonyo vya maua ni viwili vitatu, ingawa siachi kuuwekea mbolea. Je, niuongezee?

JIBU: La, ndugu msomaji, mbolea isimamishe kwanza, kwa kuwa naitrojeni ikizidi mmea hukuza majani na kusahau maua. Hata hivyo, ninachokishuku zaidi ni msongamano. Mmea huu huzaa machipukizi pembeni kila mwaka, hata yale ya katikati yakakosa nafasi, maji na chakula, na ndiyo maana huhitaji kugawanywa kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Subiri maua yaliyopo yaishe, kisha chimbua kichaka kizima kwa jembe la uma, ukianzia mbali kidogo ili usiikate mizizi minene, ambayo ndiyo ghala ya mmea. Ukiiosha kwa maji utaona wazi mahali machipukizi yanapoachana. Kila kipande kibaki na machipukizi mawili au matatu pamoja na mizizi yake, na majani yapunguzwe hadi sentimita 15 hivi, kwa sababu mizizi iliyotikiswa haiwezi kuyanywesha yote. Ndani ya shimo tengeneza kichuguu kidogo cha udongo, tandaza mizizi juu yake, halafu fukia mpaka shingo ya mmea, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, iwe sentimita 2 au 3 tu chini ya udongo. Ikizamishwa zaidi, utangoja maua bure. Kati ya kipande na kipande acha sentimita 45 hadi 60.

Uchunguze pia ukuta huo. Mmea unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kwa siku, isipokuwa aina zenye maua mekundu yaliyokolea, ambazo hunufaika na kivuli chepesi cha alasiri kwa kuwa jua kali huzifubaza. Matumba yanapoanza kutokea, mwagilia maji mengi yazame chini, kwani ukame wa wakati huo huyapukutisha. Kunyofoa maua yaliyonyauka ni suala la unadhifu zaidi. Lenye faida ni kuondoa vitunda vya mbegu, maana hula nguvu za mmea, na mbegu za aina chotara hazitakurudishia ua lile lile.

SWALI: Majani ya hemerokalisi zangu yana unga wa rangi ya chungwa unaobaki vidoleni. Je, ni ugonjwa? Na je, ni salama kwa paka?

JIBU: Dalili hiyo ni ya kutu, ugonjwa wa kuvu iitwayo Puccinia hemerocallidis. Kwa kawaida hauui mmea, bali huudhoofisha. Kata majani yaliyoathirika uyatupe mbali na lundo la mboji, osha kisu chako, na umwagilie maji shinani badala ya juu ya majani. Kuhusu paka, hapana: mmea huu huharibu figo zake, hivyo akitafuna hata kidogo mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, bila kungoja dalili.